Setsuyo Sakoda na Chai ya Saa Nne

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu uanguke penye vikapu vya viazi vitamu, kisu kikiwa bado mkononi. Hukuwa unaumwa. Asubuhi ile ulimgombeza Baba kwa kuvaa soksi zisizofanana. Saa nne na robo, wenzako wakiwa wanakunywa chai, ulikuwa huna pumzi. Mpaka leo tunaulizana, jamani, ilikuwa nini ile?

Ulizaliwa Hitoyoshi, wanakopika shochu, ile pombe kali, kwa mchele, ukaolewa kwetu Satsuma kwenye kiwanda cha shochu ya viazi vitamu. Mama mkwe wako, Bibi Fumi, alikuita "Bibi Mchele" tangu siku ya kwanza. Wewe ulicheka tu.

Wageni wakija kiwandani kuonja, hukuwaachia wajinywee hivi hivi. "Ya mchele ni laini, tia barafu. Ya shayiri kutoka Iki haina ugomvi na mtu, mpe hata shangazi yako. Ya sukari guru ya Amami inanukia utamu, ila sukari humo hamna. Awamori, pombe ya Okinawa, iheshimu, hiyo imelala mtungini tangu kabla hujazaliwa. Na hii yetu ya viazi, maji ya moto kwanza, shochu baadaye. Ukigeuza, nakunyang'anya kikombe!" Na hata mwalimu mkuu wa shule yetu ulimnyang'anya kweli.

Jambo moja tu lilitukera. Kila saa nne wakataji viazi walipokaa kunywa chai, wewe hukukaa nao. Miaka thelathini na moja! Bibi alisema unaringa. Wakataji walisema unaringa. Na mimi, binti yako, nisamehe Mama, wiki moja kabla hujafa nilikwambia, "Kwani ukinywa chai na wenzako utakufa?"

Mwezi wa nne tulionja shochu tuliyopika baada ya mazishi yako. Baba aliweka mdomoni akatema. Ilikuwa chungu, inanuka kiazi kilichooza. Baba, fundi mkuu anayesifiwa Satsuma nzima, alilaumu ukungu wa mchele tunaochachushia, akalaumu kisima, akafungua mtambo wote vipande vipande. Hakuona kitu. Tulijua tukipika tena hivyo, kiwanda kimekwisha.

Ndipo jirani yetu Mitsue, aliyekata viazi nawe miaka yote, alipoangua kilio.

"Mzee, ni sisi. Mkeo, Mama Tatsuro, alikuwa anavirudia vikapu vyetu tukiwa kwenye chai. Kila ncha yenye doa la kuoza tuliyoiacha, yeye aliikata. Nilimkuta siku moja. Akaniambia, 'Nyamaza wewe, watajisikia vibaya.'"

Lo! Baba aliketi palepale sakafuni na aproni yake. "Watu wananisifu mimi," alisema. "Miaka yote hiyo wananisifu mimi, na yeye yuko pembeni anaitikia kwa kichwa tu."

Na mimi nikaelewa ile saa nne na robo ulikuwa unafanya nini.

Shochu ile tuliimwaga yote. Msimu huu saa nne ikigonga, wakataji wanakwenda kwenye chai, Baba anabaki na kisu chako. Siku ya kwanza alijikata vidole viwili. Bibi Fumi, na miaka yake tisini na mbili, naye anakataa chai, anajikokota mpaka kwenye vikapu kumkosoa mwanawe. "Hapo bado! Bibi Mchele asingeipitisha hiyo." Halafu analia, na anakataa kufutwa machozi.

Unakumbukwa na mumeo Kunihiro, mama mkwe wako Fumi, wanao Tatsuro na Chinami, mjukuu wako Haruma, dada zako wa Hitoyoshi, pamoja na Mitsue na wakataji wote, wanaokuomba radhi. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Leo mbele ya picha yako hatukuweka shochu. Tumekuwekea chai, bado ya moto. Vikapu tunavirudia sisi. Kaa, Mama, unywe.