Mkanda Uliokatwa kwa Wembe

9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na cherehani, bado inaruka mishono? Mimi mzima, ila miguu imevimba hadi viatu vinanikataa.

Nimefika mji wa kwanza. Watu wake walikwisha zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, lakini barabara yao ya mawe bado ina mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Nimekaa kwenye ukumbi wao usio na paa, ngazi ya juu kabisa, nikala mkate mkavu. Lango la mji lina tao moja refu, halina sanamu. Nimelitazama sana.

Nalala chumba kimoja na wasafiri watano, kila mtu na begi lake chini ya kitanda. Begi ulilonishonea linanipa sifa nisizostahili. Wanashika pindo, wanauliza nimelinunua duka gani.

Halafu mama, mpakani nilijaza fomu wakauliza habari za wazazi, nikakwama. Baba alifariki mwaka gani vile?

Nakupenda.
Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile. Cherehani nimeipaka mafuta, imetulia. Nashukuru uko salama, kama kweli uko salama.

Muhuri wa posta nimeusoma kwa miwani na kwa lenzi. Tarehe inakubaliana na ya barua. Hapo umepita. Ndiyo maana simu nimeikataa, mtu yuko kitandani anakwambia yuko kazini, utamjuaje? Barua ina muhuri.

Sasa niambie ukweli. Mwalimu wa historia, miaka sita darasani, anaacha kazi wiki mbili kabla ya mitihani eti anakwenda kutazama mawe. Mawe! Hata hapa nyuma ya choo yapo, tena hayana kiingilio. Ni mwanamume, siyo? Ana mke? Na kwa nini mji mzima wa kale wewe unaniandikia lango? Anayetazama lango anamsubiri mtu. Mimi si mtoto.

Na fomu gani ya mpakani inauliza marehemu? Mimi nimevuka mpaka mara mbili, waliniuliza nimebeba nini, basi. Baba yako alikufa kwa homa ukiwa na miaka minne. Andika hivyo.

Kula vizuri.
Mama yako

5 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeicheka barua yako peke yangu kwenye basi mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Hakuna mwanamume, mama. Mwanamume gani atavumilia mtu aliyevaa suruali moja siku tisa?

Huu ni mji wa tano. Wa pili ulikuwa juu ya mlima, nimeupanda kwa saa nne. Wa tatu una visima vya chini ya ardhi, unashuka ngazi na taa mkononi, maji bado yapo. Wa nne malango yake yameanguka yote. Huu wa tano lango lina nguzo nne, zimechongwa majani. Hapana, silo.

Nikipita makaburini kwao natazama majina yaliyochongwa, nakumbuka kwamba la baba sijawahi kuliona. Alizikwa wapi? Mbona hujanipeleka hata siku moja?

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akulinde huko. Mimi mzima.

"Hapana, silo." Silo nini? Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Unatafuta lango gani?

Baba yako alizikwa huko alikofia. Alikuwa akishona mahema ya watu wanaochimbua miji ya zamani, leo nchi hii kesho ile, akafia kambini. Mbali. Yamekwisha. Wewe unafukua nini?

Nakwambia wazi, nimeingia chumbani kwako nimepekua, na sioni haya. Sikukuta kitu. Nikarudi chumbani kwangu, nikafungua kasha la vifungo, nikakuta vifungo vya shati vimechanganyika na vya koti. Kasha hilo nalipanga mwenyewe miaka yote. Nani kaligusa? Ulitafuta nini chini yake?

Nijibu kimoja kimoja, usinizungushe.
Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kasha, nilitafuta kifungo cha blauzi kabla sijaondoka.

Niko mji wa saba na nimeamua kutulia. Nimechoka mabasi. Nimepanga chumba juu ya duka la viatu, dirisha linatazama lango. Lina simba wawili wa mawe, mmoja hana kichwa. Asubuhi wasafiri wanamiminika na mabegi yao, wanapiga picha na yule asiye na kichwa, wanapita ndani. Mimi nimeshaingia mara kumi na nne. Mlinzi ananiita Mwenye Mji.

Nakutumia picha, nimepigwa pale pale getini. Unaona nilivyonenepa?

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Nisamehe leo sikuanza kwa salamu nzuri. Picha imefika.

Mkanda wa kushoto wa begi umeshonwa upya. Mkanda ukichakaa huanza kufumuka pembeni, nyuzi zinaota ndevu. Ule umekatika moja kwa moja kama mkate. Umekatwa kwa wembe. Nani alikukata? Mwizi angeondoka na begi. Na mimi turubai ile niliikunja mara tatu, wembe hauwezi kupita kwa bahati mbaya. Mtu alikaa akaukata makusudi.

Na aliyeushona ni mashoto. Mishono yote imelala kushoto, na mwishoni amerudi nyuma mara mbili kabla ya kufunga uzi. Nimeitazama kwa lenzi mpaka macho yameuma. Mwanangu, ondoka katika mji huo. Panda basi la kwanza, usimuage mtu. Usiniulize kwa nini.

Mama yako

15 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Wiki tano sijapata kitu. Nakwenda posta kila Jumatatu na Alhamisi, karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Unakula na huyo mashoto? Amekwambia nini? Usiamini kila kitu. Yule mtu ana ulimi mtamu, anaweza kukueleza kikombe ni sahani ukaitikia. Muulize kuhusu kifungo. Muulize nani alikishona kile kifungo, uone atakavyobabaika.

Nimeharibu gauni la mteja, nimeweka mkono wa kulia kushoto. Miaka thelathini sijawahi. Naogopa, mwanangu. Basi, nimesema. Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mama yako

3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Salamu hiyo naiandika kwa sababu ulinilea hivyo.

Wembe ni wangu. Mkanda niliukata mwenyewe, nimekaa kitandani, huku nakuomba radhi kwa kazi yako. Nilitaka sababu ya kukaa mbele ya fundi.

Chini ya vifungo vyako nilikuta bahasha tupu. Jina lako, hati ya mtu nisiyemjua, muhuri wa posta wa wakati nimeshatimiza miaka mitano, baada ya baba "kufa". Stempu yake ina picha ya lango lenye simba wawili. Jina la mji lilikuwa limefutika kwa unyevu. Nikasema nitapita mji mmoja baada ya mwingine mpaka nilione. Naam, niliacha wanafunzi wangu wiki mbili kabla ya mitihani, na hilo bado linaniuma.

Siku ya kwanza getini nilijikwaa nikatukana kwa lugha yetu. Mzee mmoja kwenye kibanda cha kushona mabegi akacheka, akanijibu kwa lugha yetu, "Taratibu, jiwe hilo lina miaka mingi kuliko hasira zako." Anashika sindano kwa mkono wa kushoto. Aliponiuliza jina nikamdanganya. Naona nimerithi.

Nikawa nampelekea kazi. Mkanda, kisha zipu, kisha bitana. Vyote nimevichana mwenyewe. Mzee ananiambia, "Binti, wewe begi unalibeba au unapigana nalo?" Nilikuwa nimejiandaa, mama. Nilikuwa na maneno yangu yote ya kumwuliza mtu aliyetelekeza mtoto. Siku ya nne nikamwuliza kama ana watoto.

Akaweka sindano chini. Akasema, "Nilikuwa na binti. Angekuwa rika lako sasa hivi. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne."

Homa ileile, mama. Hukuhangaika hata kututafutia magonjwa mawili tofauti.

Barua uliyomwandikia bado anayo, iko ndani ya boksi la sindano. Kila mwaka, siku iliyomfikia, anafunga kibanda na hasemi na mtu. Nilisoma hati yako kwa macho yangu, yeye akiwa ameishika kwa sababu hapendi mtu aiguse.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya tatu nilifika hadi "Mzee, kama binti yako angekuwa hai," akanikatiza, uso umebadilika. Akasema kuna mwanamke aliwahi kumjia na habari kama hizo akitaka kumlaghai, na kwamba mtu akimchezea marehemu wake hatamsamehe. Tangu siku ile ananitazama kwa jicho la pembeni. Jana amenirudishia begi kabla sijakaa.

Mimi hataniamini. Hati yako anaiamini. Aliyeandika kwamba nimekufa ndiye aandike kwamba niko hai. Kibali changu cha kukaa kinaisha mwisho wa Oktoba. Isipofika barua nitaondoka, na sijui nitakwenda wapi, ila kwako sirudi.

Kuhusu kifungo, sijamwuliza. Sitamwuliza.

Mwanao

30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sijui kama bado unataka kujua hali yangu. Nalala, naamka, nashona.

Nitakwambia habari ya kifungo kwa sababu imenila miaka yote hii na sina mwingine wa kumwambia. Baba yako alirudi safari, shati lake lina kifungo kilichoshonwa na mkono mwingine. Yeye hupitisha uzi sambamba. Kile kilikuwa na msalaba. Fundi anayeshona mahema ya watu mia, nani amshonee kifungo? Akasema aliugua kambini, mpishi mmoja bibi kizee akamshonea. Nikacheka mbele ya uso wake. Wiki nzima nilimhoji, chakulani, kitandani, mlangoni. Akaondoka kwa safari nyingine, nikamwandikia asirudi.

Akawa anaandika. Kila barua mtoto, mtoto, nimwone mtoto. Nikaogopa atakuja kukuchukua. Usiku na mchana nilikuwa nakufungia ndani, ukawa unalia unataka kucheza nje. Basi nikaandika. Nilidhani ataandika tena kunitukana. Alijibu mara moja tu, akauliza umezikwa upande gani wa makaburi ili akija ajue pa kusimama. Barua niliichoma. Bahasha ilinishinda kuchoma. Wiki hiyohiyo nikahama mji nikiwa na wewe mgongoni, na ulipoanza kumwulizia nikakupa jibu lilelile nililompa yeye. Lilikuwa tayari mdomoni.

Mpaka leo sijui kama alinidanganya. Nimefikiri kila siku, na kila siku nakuta kifungo ni kifungo tu. Hata bibi kizee anaweza kushona msalaba.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Sikuifunga. Isome kwanza, una haki ya kunishuku. Nimeandika polepole ili hati isibadilike. Mpe mkononi, usimwachie mlinzi. Kurudi ama kutorudi utaamua mwenyewe, mimi sitakwenda posta kukufuatia.

Mama yako

Fundi,

Salamu yangu huenda huitaki, lakini nakusalimu. Hati hii unaijua. Ndiyo iliyokuandikia kwamba mtoto ametutoka kwa homa. Ulikuwa uongo. Hakuugua hata siku moja. Nilitaka unyamaze, nikatafuta neno litakalokunyamazisha, nikaliandika, nikaenda kulitia kwenye sanduku la posta kwa miguu yangu. Hakuna aliyenishauri.

Msamaha sikuombi kwa karatasi. Nikiweza kuja nitakuja, na ukinifukuza nitaondoka.

Binti yako yuko hai. Amekuwa mwalimu. Ni mbishi, anapanda ngazi mbili mbili, akiudhika anakunja mdomo kama wewe. Ndiye aliyekukabidhi barua hii. Kama namjua, sasa hivi amesimama mbele yako na hajui mikono aiweke wapi. Usimalize kusoma. Mtazame.

Mama yake