Ukurasa wa Karanga za Mwisho

Yaya Amisi,

Mama bado hali samaki. Naanza na hilo, kaka yangu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie. Tangu tulipoambiwa kwamba Lualaba imekuchukua, hajaweka mdomoni kitu chochote kilichotoka mtoni. Majirani wakikaanga, anahamisha kiti chake upande wa pili wa nyumba. Hapa Kindu, ambapo hata asubuhi inanuka samaki, mama yetu amezeeka kwa sombe, majani ya mihogo, na maharagwe. Anasema hawezi kumla aliyemla mwanawe.

Mimi sijabadilika. Mume wangu akisema mvua inakuja, natoka nje kuangalia. Unakumbuka wakati ule kila kizuizi cha barabarani kilikuwa kinaomba karte ya utambulisho, nawe ukanicheka, "We Zaina, hata malaika utamuomba karte yake." Ulicheka, lakini nilikuwa na sababu. Na ninayo mpaka leo, utaona.

Unamkumbuka Muntu ya Koti? Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja tena, wenye bunduki walikuwa ndani na wenye bunduki wengine walikuwa porini, na Mama Mwajuma sokoni alikuwa anafunga karanga kwa kurasa za kitabu cha picha, bede ya Kifaransa iliyotoka katika nyumba fulani iliyoporwa. Shujaa wake, mwenye koti la kijivu, alikuwa anavuka kutoka dunia moja hadi nyingine, na katika kila dunia kulikuwa na yeye mwingine: huku daktari, kule mwizi, kwingine amekufa akiwa mtoto. Jalada hatukuliona kamwe, kwa hiyo jina tulimpa sisi. Na kwa kuwa Mama Mwajuma alikata pembe ya chini ya kila karatasi ili kifuko kikae vizuri, namba za kurasa zilikwenda na pembe. Tukaisoma hadithi kwa mpangilio wa karanga.

Tulikuwa na sharti moja tu. Kifuko hakifunguliwi mpaka tuwe watatu: wewe, mimi, na rafiki yako Sefu.

Ee, tulibishana. Leo Muntu ya Koti anaanguka kutoka darajani anakufa, kesho karatasi inamwonyesha anakula mkate. Sefu anasema huyo ni pacha wake. Mimi nasema kuna mtu anatudanganya. Wewe unalamba chumvi vidoleni, unasema taratibu, "Iko dunia ingine, kule hakufa. Hii paji ya kitabu inatoka kule." Kila mtu alipokufa, wewe ulikuwa na dunia ya akiba. Nilikushuku hata wakati ule. Niliona unabuni ili tusahau njaa. Na kweli ulikuwa unabuni, na mimi njaa nilikuwa naisahau.

Kisha ikaja siku ya mihogo. Mama hakuwa na kitu cha kutia sufuriani, nanyi mlisikia kwamba ng'ambo, nyuma ya Alunguli, kuna shamba lililoachwa. Ulipita mlangoni na kifuko cha karanga mfukoni, kimefungwa vilevile. "Tutafungula nikirudi," ulisema. Kesho yake Sefu akarudi peke yake. Akasema risasi zilipigwa mkiwa katikati ya mto, mtumbwi ukapinduka, yeye akaogelea, wewe maji yakakubeba. Watu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimejaa udongo. Mtu ameogelea Lualaba, kucha zimejaa udongo.

Nikamnong'oneza mama. Akanifunga mdomo kwa kiganja: "Acha mashaka, mutoto. Tuko na kilio." Tukakusalia bila mwili. Sefu akahamia Kibombo, na kila alipokuja Kindu alizunguka njia ya mbali asipite kwetu. Hilo nalo nililiweka moyoni.

Sasa sikia. Siku hizi watu wanabishana kwenye simu. Niliingia katika kikundi cha wapenzi wa bede, nikaeleza picha ya mtu mwenye koti la kijivu, nikaambiwa jina lake halisi, na sikulipenda. Kuna watu wa Kinshasa humo, wa Bukavu, hata wa Bujumbura. Wana vitabu vyote. Wanagombana dunia ipi ndiyo ya kweli kama vile kuna atakayepewa kiwanja huko. Baada ya swali langu lile, mimi nilikuwa nasoma tu, siandiki.

Siku moja mtu asiye na picha wala jina akaandika kwamba hadithi inaisha pale Muntu ya Koti anapoketi kando ya mto, ameshika viatu mkononi, anatazama taa ya nyumba iliyo ng'ambo. Wakamcheka sana. Wakamwambia huo ndio ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu cha kwanza, hata mtoto anajua, yeye anasoma kinyumenyume?

Mimi nilishika simu kwa mikono miwili. Ukurasa huo sikuwahi kuuona. Mwenye kitabu anajua ni wa kwanza. Anayeweza kuuita wa mwisho ni yule tu aliyesoma kwa mpangilio wa karanga za Mama Mwajuma, na karatasi hiyo ikawa ya mwisho kumfikia. Na kifuko chetu cha mwisho kilikuwa mfukoni mwako.

Siku ile nzima ulikuwa hai, Yaya. Nilikuona umenenepa, uko Kalima, una mke na watoto, umetusahau. Nilikukasirikia mpaka nikaunguza wali. Na katikati ya hasira nilikuwa nacheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Jioni nikamwandikia huyo mtu pembeni: tulipokuwa tunasoma, nani alikuwa anakaa mlangoni? Akajibu: "Ni wewe Zaina. Ulikuwa unachunga wasoda, wale wa bunduki, wasitukute." Kisha: "Ni mimi, Sefu."

Ukafa mara ya pili, hapo hapo kwenye kioo cha simu. Nilipomaliza kulia, mashaka yakaniamka yote. Karatasi iliyozama mtoni haisomeki. Kama Sefu aliiona, basi mliketi mahali pakavu mkafungua kifuko, mkasoma, bila mimi. Basi hapakuwa na mtumbwi uliopinduka. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilichukua ujana wangu wote.

Nikapanda pikipiki mpaka Kibombo. Nilimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ndevu zake nyeupe kwa vumbi la pumba. Sikumpa salamu. Nilimwambia, "Fungula kinywa." Akazima mashine.

Anasema mlivuka salama. Anasema risasi ilikupata tumboni shambani, mkiwa mnang'oa mihogo, na hajui ilitoka upande gani, kwani wakati ule risasi hazikuwa na mwenyewe. Alikuburuta mpaka chini ya mchikichi. Ulikaa hapo mchana kutwa na hukufa upesi. Ulipoona jua linashuka ulimwambia afungue kifuko. Alikataa, akakukumbusha kwamba hatujawa watatu. Ukamwambia afungue tu. Karanga hukuweza kula. Ulitazama ule ukurasa muda mrefu, mto na viatu na ile taa, ukasema, "Hii njo mwisho." Kisha ukasema, "Zaina atakatala."

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kutomwamini, Yaya. Nilikuwa na maswali kichwani toka nyumbani. Lakini hayo maneno mawili hawezi kuyabuni mtu mwingine. Niliketi juu ya gunia la mpunga nikalia mbele ya watu wake wa kazi.

Akanieleza pia ule udongo wa kwenye kucha. Alikuchimbia kwa mikono na kwa kipande cha ubao. Na ule uongo wa mto, akasema, ni wako. "Umwambie mama ni maji," ndivyo ulivyomwagiza, "maji inabebaka haraka." Hukutaka mama ajue kwamba ulilala pale mchana kutwa ukimwita. Akaapa, na kiapo hicho kikamfukuza Kindu, maana hakuweza kumtazama mama usoni.

Bado nilimshuku kidogo. Nikamwambia twende akanionyeshe. Tulirudi Kindu, tukavuka mto, naye akapotea mara mbili kwa sababu siku hizi nyumba zimejaa, nami nikaanza kumwangalia kwa jicho la zamani. Kisha akasimama kwenye mchikichi mmoja nyuma ya bustani ya sombe ya mwanamke mmoja. Mwenye bustani akatuambia, bila kuulizwa, kwamba pale halimi, kwa sababu alikuta mawe yamepangwa na mkono wa mtu. Nilisoma Fatiha. Sefu alisimama mbali.

Sasa nakwambia jambo, kaka, na usinikasirikie. Maji yale yalikuwa dunia yako ya mwisho ya akiba. Ulimwekea mama dunia ambamo hukuumia, ukamwachia aishi humo. Najua ulifanya kwa upendo. Lakini katika dunia hiyo hamna kaburi, hamna samaki, na mama amekaa humo peke yake mpaka meno yamemwisha. Kila siku anauchukia mto ambao haukukufanya chochote.

Ulisema Zaina atakataa. Nimekataa.

Ijumaa nitamwambia. Akitaka kujua nusu, nitampa nusu. Akitaka yote, nitamshika mkono nimpe yote. Tutamvusha, Sefu atapiga kasia, na akitaka kumlaani amlaani, ndiyo haki yake. Kisha nitapika samaki niweke mbele yake. Asipokula, nitakaa naye hivyo hivyo.

Lala salama, Yaya. Karanga nitakuletea, na kifuko sitakifungua mpaka tuwe wote hapo.

Mdogo wako,
Zaina