Kanda ya Wamama wa Minago

Dada Riziki, amahoro.

Niko mzima, ujue hilo kwanza. Leo asubuhi nilikuwa natoka Minago, ambako nilirekodi wamama wakiimba huku wanakamua mawese, kwa ajili ya sinema ninayoitungia muziki. Kwenye barieri ya barabarani wanajeshi wakafungua begi langu, wakakuta mashine ya kurekodi.

"Unamupelekea nani habari?" mkubwa wao aliuliza.

Nikasema natunga muziki wa sinema, wa televisheni, hata wa matangazo ya sabuni. Jina la sinema yenyewe likanipotea. Akasikiliza kanda. Wimbo ulikuwa wa Kibembe, hakuuelewa, akasema ni ujumbe wa waasi. Akaniamuru nipige magoti.

Mama Zaituni, aliyeongoza ule wimbo, alikuwa nyuma yangu na madumu yake ya mawese. Angeweza kunyamaza.

"Hiyo sauti iko yangu, afande," alisema. "Musikilize, ni wimbo wa kukamua mawese."

Akaimba palepale, mikono kichwani, sambamba na kanda, mpaka yule mkubwa akazima mashine. Wakatuachia, ila kanda na mashine wamebaki navyo.

Sasa niko Rumonge. Nimepewa samaki wa mukeke wa kuchoma na ugali wa muhogo, sijamaliza hata nusu.

Kesho Mama Zaituni atapita tena barieri ileile, maana hana njia nyingine ya kwenda sokoni. Mimi sitathubutu kumsindikiza. Muombee yeye kwanza, halafu mimi.

Nawakumbatia wewe na watoto. Mama yetu usimsomee barua hii.

Kaka yako, Deo