Mwenye Shamba la Kwa Mbiti

Mwaitu, mama yangu,

Kuku wako wanataga, mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha, na yule mwanao kipenzi amezidi ujinga uliomwacha nao. Nimeanza na habari nzuri.

Nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda chako hapa mlangoni, pale ulipokuwa ukichagulia ndengu. Bado sijazoea. Juzi sokoni Kalamba mteja aliniuliza kama ndengu ni za msimu huu au ni za zamani, nikasema ngoja nimuulize Mama, nikageuka. Niligeuka kabisa, Mwaitu. Mteja akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mfuko.

Tangu uondoke, mlima wetu umegunduliwa. Tumekaa hapa tangu babu wa babu zetu, tukikohoa kwa ukungu na kuteremka na mitungi hadi mtoni, kumbe tulikuwa tumekalia mali na hakuna aliyetuambia. Lami ilipofika pale kwenye posho mill ya kusaga unga, Nairobi yote ikapanda. Wanashuka kwenye magari makubwa, wananyoosha mikono, wanavuta hewa utafikiri kwao huwa wanapumua kwa zamu. Wanapiga picha bonde. Wanapiga picha ukungu. Mmoja alipiga picha kamba yangu ya nguo, na nguo za ndani zikiwa juu yake, akamwambia mwenzake hayo ndiyo maisha halisi. Ukungu ule ule uliokumaliza magoti, sasa unauzwa pamoja na ploti.

Na hatuitwi tena Kwa Mbiti. Mahali pa fisi, nani atawaambia rafiki zake kwamba amenunua mahali pa fisi? Kuna bango kubwa pale njia panda, limeandikwa Mount Vyu Gadens. Bustani zenyewe sijaziona. Fisi nao walihama zamani sana, na hawa waliokuja badala yao wanavaa suti.

Jirani yetu Mzee Kioko alikuwa wa kwanza kuuza. Unamkumbuka alivyokuwa akikugombeza kwa sababu ya mpaka, hatua moja ya ardhi, mkanyimana maji mwaka mzima? Aliuza shamba lote kwa asubuhi moja, akahamia Kyuso, eti kule kuna ardhi tambarare na kubwa. Sasa ananipigia simu kuuliza kama huku kunanyesha. Namwambia kunanyesha. Hata kusiponyesha namwambia kunanyesha.

Aliyelinunua alileta tingatinga. Ile mitaro yote ya fanya juu, ya kushikilia udongo, ile mliyochimba na wanawake wa mwethya, kikundi chenu cha kulimiana, mimi nikiwa mgongoni mwako, ikalazwa siku moja ili apate mahali pa nyasi. Akapanda nyasi za kununua, zinazokuja zimekunjwa kama mkeka. Mvua ya kwanza ikazikunja tena ikaziteremsha hadi barabarani, na tope likafuata, na gari lake likabaki juu kule wiki nzima likimtazama. Akasema mlima wetu una matatizo ya udongo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nilikukumbuka siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Nilikuwa msichana mdogo wa shule, ukanishusha ndani ya mtaro na jembe refu kunishinda, ukaniambia chimba, na udongo utupe juu. Niliutupa juu ukanirudia kichwani, puani, mdomoni. Nikaona afadhali niutupe chini, ni rahisi. Ukanichapa kofi la mgongo. "Ukiutupa chini umemlimia jirani," ukasema. "Tupa juu. Ukirudi, tupa tena." Halafu ukanipangusa uso kwa ncha ya leso yako ukiwa unacheka. Sijui kwa nini hilo kofi ndilo linaloniliza.

Sasa nifike kwa Mutua.

Kitinda mimba wako amekuwa broka wa ardhi. Amenunua viatu vyenye ncha ndefu, ncha inafika nyumbani kabla yake. Amejifunza maneno. Shamba haliiti tena shamba, anasema praimu. Bonde anaita vyu. Kina mama wa hapa anawaita wenyeji, kana kwamba yeye alizaliwa kwenye ndege. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini huyu, Mwaitu, ulimfunza, nilikuwepo, na ulimwengu pia umejaribu, na bado.

Jumapili moja nilipanda pale juu kukung'olea magugu. Nilifika nikadhani nimepotea njia. Tuta la kaburi lako halikuwepo. Palikuwa pamesawazishwa, pakapangwa mawe bapa, kando pakawekwa matairi mawili yaliyopakwa rangi nyeupe na maua ndani yake. Na katikati, pale kifuani kwako hasa, benchi la simenti linaloangalia bonde.

Msalaba wako niliukuta kwenye banda la kuku. Alikuwa ameuegemeza mlangoni ili usifunguke kwa upepo.

Nilimpigia simu. Hakuona haya. Akaniambia, "Dada Mwende, kwani wewe ungenunua ploti yenye kaburi? Mteja akiona kaburi anageuza gari. Hata Mama angeelewa." Mwaitu, nimejaribu kukufikiria ukielewa. Nimejaribu kutoka pande zote. Ninaona tu ule uso wako wa siku alipouza mabati ya choo.

Nikaita wazee wa ukoo. Walikuja, ukiwapa haki yao walikuja mapema. Wakamla yule beberu wako mweusi, wakachokoa meno, wakatazamana, na mkubwa wao akaniambia kwa upole kwamba shamba ni la mtoto wa kiume, na binti aliyeolewa akarudi ni mgeni wa heshima. Mgeni. Mimi niliyerudi kwako na begi moja na jicho limevimba, ukanifungulia mlango usiniulize hata swali moja, ukasema tu chai iko motoni. Walisema hayo wakiwa wamekalia viti ulivyonunua kwa ndengu zako, kwenye shamba lenye jina lako, kwa sababu Baba alikufa bila kuacha hata mtaro mmoja. Nami niliwapa maji ya kunawa mikono. Hilo nalijutia mpaka leo, maji yalikuwa ya moto.

Sheria najua inasema vingine, na hati bado ina jina lako. Lakini unajua huku kwetu. Mnunuzi akishapenda, na wazee wakishakula, mambo yanakuwa yameisha kabla hayajafika ofisini, na wewe uliyebaki unapigana na ukuta uliokwisha jengwa. Nilijua wakishaweka bikoni za mipaka nimekupoteza mara ya pili, na nyumba hii, na kigoda hiki.

Mutua akatangaza kwamba wateja wake wanakuja Jumamosi. Mume na mke kutoka Nairobi, watu wa maana, nisianike nguo.

Sikuanika. Nilienda kwa Ndunge, ambaye ndiye mwenyekiti wa mwethya tangu utuache. Nikamwambia, "Nataka mwethya Jumamosi asubuhi, mtaro wetu wa juu umejaa udongo." Hakuuliza mtaro gani wala kwa nini. Wewe ndiye uliyewafundisha kwamba mwethya ukiitwa hauulizwi, kinachoulizwa ni chakula. Nikapika muthokoi wa mahindi na maharage ile sufuria kubwa ya matanga, ile uliyosema isipikiwe watu wachache.

Wageni walifika kwanza. Mutua akawatembeza akirusha mikono, hapa swimingi puli, hapa mahali pa kuchomea nyama. Mwanamke alikuwa na kofia pana na miwani, amechoka na kupanda. Akaliona benchi. Akaketi, Mwaitu. Akakunja nne, akatoa simu, akatabasamu na bonde nyuma yake, akajipiga picha. Nilikuwa nimesimama kando ya mwembe mchanga na mwiko mkononi. Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kwa namna ile.

Ndipo wakatokea kwenye njia ya chini, wote, na majembe begani. Hata wale wenye magoti mabaya. Hata Syombua mliyekosana naye kanisani. Hawakuimba, na wewe unajua mwethya huja ukiimba. Wakapanda kimya, wakajipanga ukingoni mwa mtaro, kando ya benchi, pale pale walipokuwa wakijipanga enzi zako, ukiwa umesimama mbele yao na leso kiunoni. Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa, na kwetu mkubwa ndiye husalimu kwanza, kwa hivyo salamu ilitoka kwako. Ulikuwa ukiwaambia "Wakya," mara moja tu, na wao wakaitikia pamoja, ndipo jembe la kwanza linainuka. Hakuna aliyewahi kuchimba kabla hujawasalimu.

Wakangoja kidogo. Muda ule ule uliokuwa ukiuchukua kuvuta pumzi.

Halafu wakaitikia, wote kwa sauti moja: "Aa."

Mwanamke wa kofia alitazama nyuma yake, akatazama pembeni, akamuuliza Mutua, "Wanamwitikia nani?" Mutua, mwenye maneno yote yale, alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Akamuuliza tena. Ikabidi Ndunge amjibu, na Kiswahili chake unakijua, ni kichache lakini hakipotei njia.

"Tunaitikia mwenye shamba, Mama," akamwambia. "Umemkalia."

Aliinuka polepole. Akatazama mawe, akatazama urefu wake na upana wake, akaelewa. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau mpaka mwisho, maneno nilikuwa nayo tayari, lakini alivua kofia, akainama, akasema, "Samahani, Mama." Alikuambia wewe, si sisi. Basi huyo nimemwachia, ingawa ile picha natumai ameifuta. Mumewe alikuwa amemshika Mutua kwa maneno, ulisema ni bustani, ulisema ni bustani. Wakashuka, wakaondoka. Lile gari liligeuka mara moja tu, bila kurudi nyuma, kwa haraka waliyokuwa nayo.

Mutua naye akataka kuwafuata. Ndunge akamnyooshea jembe. "Leo ni mwethya kwenu," akamwambia. Angeweza kukataa. Lakini wanawake wote wale walikuwa wanamtazama, na nusu yao waliwahi kumbadilisha nepi. Akavua viatu.

Walivunja benchi kwa nyundo ya Syombua. Mawe wakayapanga ukingoni mwa mtaro, yatazuia maji. Matairi nimeyaacha, maua hayana kosa. Na mwanao akaingia mtaroni akachimba, na udongo wa kwanza aliotoa, akautupa chini.

Mimi ndiye niliyemwambia, "Juu." Akautupa juu, ukamrudia kichwani. Akautupa tena. Alipotoka alikuwa na mistari miwili usoni, udongo ukiwa umelowa, na mimi sikumpangusa. Leso yako ninayo, nilikuwa nimeifunga kiunoni, lakini sikumpangusa. Usiniombe nimsamehe, najua ungeniomba, ulikuwa hivyo kwa yule. Nilimpakulia muthokoi. Alikula amesimama. Hapo ndipo nilipofika, na hapo ndipo nitakapokaa kwa sasa.

Tuta lako limerudi. Msalaba nimeuosha mavi ya kuku kwa sabuni na jivu, nikausimamisha mwenyewe, umeinama kidogo upande wa Kalamba, nimeuacha hivyo. Kuku mlango wao unapigwa na upepo usiku kucha, wavumilie.

Bango bado liko njia panda. Watakuja wengine, Mutua atapata viatu vingine, na wazee wale hawajashiba, nawajua. Nimeanza safari ya ofisini kwa ajili ya hati, na huko wananiambia njoo kesho. Nitaenda kesho. Nitaenda na ile kesho nyingine. Na kila msimu kabla ya mvua nitaita mwethya hapa juu, hata mtaro ukiwa safi, ili asije mtu akasema hakujua shamba hili ni la nani.

Nimekukosa, Mwaitu. Nakukosa asubuhi zaidi, kabla chai haijachemka. Lala. Siwezi kukuambia ulale salama, maana hapa mambo bado, lakini lala kwako. Asubuhi nitapanda na jembe. Nitasimama pale ukingoni, nikungoje uvute pumzi.

Aa, Mwaitu.

Mwende