Kuhusu Hereni za Mbuzi Mlizotutumia

Modogashe,
Kaunti ya Garissa.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa shangazi yangu, Eddo Sharifo,

Assalaam aleykum. Kwanza nisamehe. Barua yako Salah aliileta alipokuja likizo mwezi wa nane, na leo ni mwezi wa kumi na moja. Kila siku nasema leo nitaandika, halafu mdogo analia, au maji yanaisha, au usingizi unanichukua nikiwa nimekaa. Sikukusahau. Kulikuwa na jambo ambalo sikujua nitakuambiaje, na hilo ndilo lililonichelewesha zaidi.

U hali gani? Goti lako je, baridi ya Uswidi imeanza kulisumbua tena? Salah amesema unapanda ghorofa nne na mifuko mkononi. Eddo, tafadhali, hao vijana wako wana mikono, wabebe.

Sisi tuko wazima, alhamdulillah. Mume wangu Abdirahim bado yuko kwenye lori, barabara ya Isiolo, anafika nyumbani mara moja kwa wiki akiwa vumbi tupu. Deeq yuko Gredi ya Kwanza na amejifanya mwalimu wa nyumba nzima. Mdogo ameota meno mawili. Habari za Lul, wa katikati, nitakuambia mbele.

Naandika kwa Kiswahili ili Mama Ciku, katibu wa chama chenu cha huko Uswidi, asome mwenyewe bila mtu kumtafsiria. Na Kisomali, unajua, shuleni hatukufundishwa kukiandika.

Unakumbuka nilikuwa najitolea zahanati, kupima watoto mkono kwa ule ukanda wa rangi tatu. Kijani mtoto mzima, manjano aangaliwe, nyekundu ni hatari. Mradi ulikuwa wa shirika kubwa la ng'ambo. Mwezi wa pili ulifungwa, gari likarudi Nairobi, na zile pakiti za karanga za kuwapa watoto zikaisha. Lakini akina mama hakuna aliyewaambia. Jumanne walikuja kama kawaida, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta. Mimi na Sista Zilpah, yule nesi wa kutoka Kitui, tukawapima. Unamwambia mama mtoto wako ni nyekundu, halafu unamwacha aende zake, maana huna kitu cha kumpa.

Zilpah ndiye aliyeniuliza, "Kabla ya mashirika kuja, nyinyi mlikuwa mnafanya nini?"

Nikamwambia tulikuwa tunaazimana mbuzi. Wewe unaijua hii, ayeeyo, bibi yangu, alikuwa akifanya, ni Mama Ciku ninayemweleza. Nyumba ambayo wanyama wake wamekauka hupewa mbuzi wa maziwa, akikauka naye anarudi kwa mwenyewe. Hapelekwi kwa sherehe. Unamfunga kwenye ua wa jirani alfajiri, unaenda zako, na hakuna anayelizungumza.

Basi vikundi vitatu tukaungana. Sisi wauza maziwa wa hapa njia panda tulitoa mbuzi. Guleid na wenzake wa Habaswein, wale wanaotibu mifugo, wanakuja kuwachanja na kuwapa dawa ya minyoo. Zilpah na walimu wa kanisa lao wananunua marobota ya nyasi na kuendelea kupima watoto. Hakuna kikundi hapo ambacho kingeweza peke yake. Kufikia mwezi wa saba mbuzi arobaini na mmoja walikuwa kwenye nyumba za watu, na siku za Jumanne nyekundu zilianza kupungua.

Lakini mvua haijaja, na bei ya nyasi imewashinda walimu. Ndiyo maana ulipotuonyesha ule mfuko wa huko Ulaya unaosaidia vikundi vidogo, tulishukuru sana. Fomu yao inataka vikundi vya hapa viwe na mshirika wa huko. Bila saini ya chama chenu haipokelewi, na mwisho ni tarehe thelathini mwezi huu.

Sasa hilo jambo. Pamoja na barua yako, Salah alileta hereni za njano za kuvalisha mbuzi masikioni, hamsini, zimeandikwa jina la chama. Najua zilitoka kwa moyo mzuri. Tuliwatoboa mbuzi wote siku moja. Mimi sikufikiri, na Zilpah hakufikiri, na Guleid ndiye aliyeshika koleo.

Wiki ya pili, Roda, mama wa mapacha, akanirudishia mbuzi. Nikamuuliza, "Abaayo, dada yangu, amekauka?"

"Hajakauka. Amekuwa maarufu."

Akaniambia kisimani wanawake wakimwona wanaitana: mpisheni, mbuzi wa Uswidi anywe kwanza. Mmoja alimuuliza kama mbuzi ameolewa huko, na mahari imefika au bado. Walicheka, na yeye akacheka nao, halafu kisimani hakurudi tena. Nikamwambia, "Na watoto watakunywa nini?"

"Strungi, chai bila maziwa. Mimi nililelewa na strungi, sikufa."

Baada yake wakarudishwa wengine wanane. Hakuna aliyesema sababu. Pacha mmoja wa Roda, yule mdogo, akarudi kwenye nyekundu.

Mimi nilimlaumu Roda moyoni, nakwambia ukweli. Nilisema ni kiburi. Halafu mwezi wa tisa nikampima Lul. Muda wote nilipima watoto wa watu, na wangu nilisema ni mwembamba kwa sababu baba yake ni mwembamba. Ukanda ukasimama kwenye manjano, karibu kabisa na nyekundu. Nilirudia mara tatu. Zilpah alinishika bega.

Kesho yake asubuhi nilikuta mbuzi amefungwa kwenye ua wangu, na hereni yake sikioni. Sijui nani alimleta, na siulizi. Eddo, mbuzi huyo nilimpeleka kisimani baada ya adhuhuri, jua kali, saa ambayo hakuna mtu. Nilifanya hivyo siku tisa. Mimi niliyewatoboa. Siku ya kumi nilimpigia Guleid simu aje na koleo lake.

Tumezitoa zote. Tundu linabaki, lakini masikio ya mbuzi wa huku yamechanika kwa miiba, halionekani. Roda alikuja mwenyewe, uso ameukunja, akamzunguka mbuzi wake mara mbili akisema, "Sasa huyu amefanana na mbuzi." Akamchukua. Wengine nao wamechukua wao. Pacha anapanda pole pole. Na Lul, Jumanne iliyopita, amefika kijani. Kwa upana wa ukucha, lakini amefika.

Kwa hiyo, eddo, nakuomba kwa heshima yote ya mtoto kwa shangazi yake. Katika masharti ya chama mmeandika hereni kwa kila mbuzi, na picha ya kila mtoto kabla na baada. Hereni hazitarudi, na picha sitapiga. Barua yenu ikija bila masharti hayo mawili, nitasaini fomu siku hiyo hiyo. Ikija nayo, sitasaini, na tutaendelea na nyasi iliyopo mpaka iishe. Zilpah anasema itafika Januari. Najua ninachosema. Nimelia juu yake, na bado nasema hivyo.

Wanachama watauliza, sasa tutajuaje kwamba mbuzi wapo? Waambie kila mwezi Zilpah atawatumia idadi ya watoto wa kila rangi, bila majina. Na yeyote anayekuja likizo apite Modogashe, atapewa chai ya maziwa. Tutampeleka kisimani, aangalie kundi lote. Akishindwa kujua yupi wa kuazimwa na yupi wa mwenyewe, basi ajue kazi inaenda vizuri.

Mama Ciku, usinikasirikie. Najua ulizitafuta hereni hizo kwa taabu. Wewe ni mzazi, ndiyo maana nimetaka usome mwenyewe.

Mama anakusalimu, anasema sufuria yake bado unayo. Zilpah anakusalimu. Nisalimie vijana wako, Dubow na Fosia, na Dubow mwambie ndevu zile hazimpendezi. Mwenyezi Mungu akulinde na barafu, akupe nguvu ya goti, na siku ya mkutano wa chama akupe ulimi mwepesi.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata ninapokukatalia,

Yurub

Hapa nyuma nimeandika vitu, ili visisahaulike. Salah anaondoka Jumatano na barua hii.

Barua ya chama yenye muhuri na saini, kabla ya tarehe ishirini na tano. Ipige picha uitume kwa simu, karatasi yenyewe itafuata.

Kanda hamsini za kupimia mkono. Zetu zimechakaa, namba hazisomeki.

Mkasi wa kukatia kwato, mmoja. Guleid anaomba.

Viatu vya Deeq, namba thelathini na moja, visiwe vyeupe.

Na picha yako wewe, eddo, ukiwa unacheka. Hiyo nitaibandika ukutani kila anayeingia aione. Lul anajua jina lako tu, nataka ajue na uso.