Shahidi wa Mguu wa Wani

Jumatatu, 4 Februari

Nimemaliza kola za sare za shule, nimefunga kibanda, nimepanda boda hadi ofisi ya majeruhi wa vita. Kama Jumatatu zote. Benchi lile lile. Karani akatoka mchana, akasema bukra. Bukra ni kesho kwa Kiarabu cha Juba, ila kesho ya ofisi ile haina tarehe.

Niliporudi sokoni Jebel, Namukasa wa kibanda cha mitumba alinicheka. "Wewe iko nakwenda tena? Hawa hapana sikia mtu." Mganda huyu ananipenda, lakini hana subira.

Sina hasira. Nyumbani Wani alikuwa amepika maharage na mboga ya bamia. Mume anayepika akiwa na mguu mmoja. Wenzangu wana waume wa miguu miwili wanaongoja kuletewa maji ya kunawa.

Tunachotaka ni kadi tu. Mwenye kadi hutengenezewa mguu wa bandia bure. Huu wa Wani umepasuka. Ameufunga kwa tyubu ya baiskeli, nao unamchubua.

Jumatano, 6 Februari

Faili limepatikana. Karani, mama mmoja mnene mwenye miwani, amelifungua mbele yangu. Ndani imeandikwa: ajali ya gari.

Nikamwambia mume wangu alikanyaga bomu la ardhini katika vita vya ukombozi. Akasema karatasi inasema gari. Wa ajali ya gari hawapewi kadi.

Nimekasirika. Nimekasirika sana. Nimetembea kwa miguu hadi mtaa wa Nyakuron kabla ya kukumbuka kupanda boda.

Alhamisi, 7 Februari

Nilimwambia Wani asubuhi, akiwa anatengeneza redio ya jirani. Alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Kisha akanieleza. Alifika hospitali ya mpakani akiwa amelazwa juu ya lori la mahindi. Mwandishi akauliza, huyu kaletwa na nini? Wakamjibu, lori. Basi. Lori likawa ndilo lililomkata mguu.

Baadaye hakucheka tena. Karani anataka shahidi, mtu aliyekuwepo pale mguu ulipokatika. Wengi wamelala mchangani. Aliyebaki ni Gatluak peke yake.

Gatluak alimbeba Wani mgongoni kutoka porini hadi barabarani. Alitusimamia harusi yetu kule kambini Kenya, suti ya kuazima, suruali fupi. Halafu tukapata bendera, tukarudi nyumbani, na baada ya bendera tukaanza kupigana sisi kwa sisi. Watu wa kabila lake walisakwa mtaa kwa mtaa. Yeye na mkewe wako Mangateen, kambi ya waliofukuzwa makwao, chini ya turubai, mpaka leo.

Wani amesema hataenda kumwomba. "Mtu aliyepoteza nyumba nimpelekee shida ya mguu?" Akaniambia na mimi nisiende.

Jumanne, 12 Februari

Daktari ameangalia kigutu. Kidonda kimeingia ndani. Aliposema neno "goti" nilijua. Wani akiendelea na mguu huu uliopasuka, watakata tena, juu ya goti. Wani alikuwa anaangalia ukutani kama mtoto anayekaripiwa. Ninaogopa.

Ijumaa, 15 Februari

Nimeenda Mangateen. Sikumwambia.

Mwenye boda aliniacha barabarani, akakataa kuingia. Nikauliza njia kwa akina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji. Niliogopa Kiarabu changu cha mjini kingenitambulisha, nikauliza kwa Kiswahili, na mmoja akanijibu kwa Kiswahili cha Eldoret. Tulicheka. Sote wawili tulilelewa na Kenya.

Gatluak ananyoa watu nywele. Amekonda. Mistari ya kabila kwenye paji la uso imezama kama mifereji. Kabla sijakaa aliuliza, "Shemeji, mguu wake vipi?" Nikalia. Sikupanga kulia.

Nikamweleza yote. Akafuta wembe wake. Akasema langoni pa ofisi ile kuna askari, na paji lake la uso linasomeka kutoka mbali. Mkewe hajamruhusu kutoka kambini tangu mapigano ya mwisho mjini. Amani imetiwa sahihi, ndiyo, lakini sahihi haijafika kwenye lango. Alinifungia samaki mkavu nimpelekee Wani.

Simlaumu. Narudia kuandika ili niamini: simlaumu.

Jumamosi, 16 Februari

Wani alijua kwa harufu ya samaki. Hakula. Hakusema nami kutwa nzima. Nyumba yetu haijazoea kimya cha namna hii. Nilishona vifungo vibaya, nikafumua.

Jumapili, 17 Februari

Sikumkuta kanisani wala nyumbani. Alirudi jioni kwa boda, damu kwenye soksi ya kigutu, uso umeng'aa kama aliyetoka harusini.

Alikuwa Mangateen. Alienda kumwambia Gatluak asije. Mkewe Gatluak alimkanda kidonda kwa maji ya chumvi na akamgombeza kwa kutembea. Walikaa mchana wote. Walizungumza nini, hakuniambia, ila alimweleza kuwa Jumatano tutajaribu na barua ya daktari ofisini. Ameniomba samaki. Amemla wote, na kichwa.

Jumatano, 20 Februari

Niandike taratibu nisiache kitu.

Tulikuwa ofisini, mimi na Wani. Tulikwenda kumwomba karani akubali barua ya daktari badala ya shahidi. Tukiwa bado nje, bajaji ikasimama. Akashuka Gatluak. Suti ya kijivu, ndevu zimenyolewa. Nyuma yake mkewe, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama ngao.

Askari wa lango akainuka. Kijana mrefu. Akamtazama Gatluak kwenye paji la uso, akauliza ametoka wapi na anatafuta nini. Gatluak akainua mikono yote miwili ionekane. Mkewe akafumba macho. Mimi nilihesabu tu pumzi zangu.

Wani akajiburuta mbele kwa gongo lake. Akasema, "Huyu ni mguu wangu. Bila yeye nisingekuwa na wa kusimama hapa."

Askari hakuelewa. Wani akamweleza, pale pale juani, kuanzia bomu hadi lori la mahindi. Askari akasikiliza. Mwishoni akasema baba yake naye alibebwa hivyo, ila hakufika. Akasogea pembeni.

Ndani, karani aliuliza atajuaje kwamba shahidi hakufundishwa cha kusema. Gatluak akamjibu kwamba mtu aliyefundishwa angesema Wani alikuwa shujaa. "Huyu aliimba njia nzima, mama. Nyimbo za kanisa, sauti mbovu. Adui anatutafuta na yeye anaimba. Nilimwambia ukiimba tena nakutupa."

"Akanyamaza?"

"Alibadilisha wimbo."

Karani alicheka hadi akavua miwani. Kisha aliivaa, akakata maneno yale ya gari, akaandika upya. Akauliza Gatluak mbona anakaa bega moja chini. Risasi, akasema, aliyopigwa vitani wakivuka mto. Imo ndani bado. Karani akauliza kama amewahi kudai. Hajawahi. Nani angemsikiliza.

Nina furaha.

Jumatatu, 4 Machi

Kadi haijatoka. Mkubwa wa kutia sahihi amesafiri. Bukra.

Jumatatu, 18 Machi

Mkubwa amerudi. Muhuri umekauka wino. Bukra.

Namukasa amenipa chapati, akasema kama ofisi ingekuwa kuku angeshamchinja.

Ijumaa, 22 Machi

Kadi! Picha ya Wani amekodoa macho. Karani alinipa mwenyewe mkononi, akaniambia pole kwa benchi. Nimemwahidi kumpunguzia gauni lake la kitenge kiunoni. Ameomba nimwongezee.

Jumatano, 10 Aprili

Kidonda kimefunga. Leo wamemvisha mguu. Fundi alimtembeza kati ya vyuma viwili, aende, arudi. Mara ya tatu Wani akaachia vyuma. Hakuniangalia, alikuwa anatazama kiatu. Mguu wa zamani haukuwa na unyayo; miaka yote hii alikuwa ananunua pea na kuvaa kimoja.

Nilitoka nje nikasimama kwenye rakuba, kile kivuli cha nyasi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Hakuna aliyenishangaa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua ilinyesha alfajiri, ardhi imetulia. Sikufungua kibanda. Wani ametoka mapema kwenda kumtolea Gatluak ushahidi wa bega lake. Nilijitolea kumsindikiza. Akasema hapana, anajua njia. Nilisimama mlangoni nikamwona akikwepa madimbwi, moja moja, mpaka akakata kona.

Chai nimekunywa ikiwa moto. Nyumba nzima yangu. Dirishani kuna upepo wenye harufu ya udongo. Nitalala kidogo.