Mkono Niliomnyooshea Bi Salma

Mjukuu wangu Nasra,

Hapa Al Hail sote wazima, na babu yako sasa anatembea bila ya fimbo, alhamdulillahi. Ahsante kwa kunihadithia masomo yako huko Uingereza. Unasema zamani mpiga kura alilitaja kwa sauti jina la anayemtaka, na mwenye nyumba wake amesimama papo hapo anamsikia. Ukaniuliza kama mimi ningethubutu.

Nilithubutu siku moja. Nilikuwa bibi harusi mpya, nnakaa kwa mavyaa wangu, mama yake babu yako. Wanawake wa mtaani tulikuwa na kikundi cha kupika pilau za harusi, na mkubwa wa jiko tulimchagua kwa kunyoosha mikono. Mavyaa aliutaka sana ukubwa ule. Mimi nikamnyooshea Bi Salma, kwa sababu yeye hakuwa akitufokea. Mavyaa akakosa kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe aliuona.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Nilikuwa na hakika ntarudishwa kwetu.

Ijumaa yake tukapata wageni. Mashoga zake mavyaa walijaa jikoni, kila mmoja anasifu harufu ya pilau yake. Kabla ya kutia mchele, mavyaa akachota supu, akawapita wote, akanipa kijiko mimi.

"Onja chumvi, mwanangu. Hawa wataniambia tamu tu."

Mpaka leo nnamshukuru, Mungu amrehemu. Chumvi ilikuwa imezidi, na nikamwambia.

Bibi yako akupendaye